Krismasi Juu ya Marobota

Buguruni, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yangu, hata kama bado amenuna. Natumaini goti lako limetulia kidogo pamoja na mvua za huko, na kwamba mdogo wangu Ipyana anakuletea kuni kavu bila kukumbushwa. Mimi ni mzima. Joto la huku mwezi huu ni la kulala sakafuni na dirisha wazi, lakini mwili haujambo na kazi inakwenda.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatukusikizana. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wenzangu wakatoka vyumbani kuuliza kuna nini, na wewe ukawa unajibu maswali ambayo sikuuliza. Halafu Mama akachukua simu, akasema, "Sawa mwanangu, baki na kanisa lako," akakata. Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile. Barua hii anakuletea Tusa, yule binti wa jirani yetu wa upande wa mashamba ya chai, pamoja na kitenge cha Mama. Naomba uisome mpaka mwisho, kisha umsomee na yeye. Kisha nina swali kwako, kwa kuwa umekuwa mzee wa kanisa tangu mimi sijazaliwa.

Swali lenyewe ni hili: Krismasi ikiangukia Jumapili, kanisa lifunguliwe au lifungwe?

Najua unacheka. Kwetu Tukuyu mtu akiuliza hivyo ataulizwa kama ana homa. Lakini kanisa letu la hapa si kama la kwetu. Ni tawi dogo, tumepanga ukumbi ghorofa ya pili kwenye jengo moja la Kariakoo, chini yetu kuna maduka ya ndoo na mabeseni. Kengele hatuna. Mlinzi wa jengo ndiye anayetufungulia geti. Waumini wengi ni watu wa mikoani kama mimi, mafundi cherehani, wauza nguo, wahudumu wa hoteli, na Desemba ikifika nusu ya mji huu inahamia kwenye mabasi.

Basi, mwezi wa kumi na moja, Mchungaji wetu, Mchungaji Yona, alisimama baada ya matangazo akasema mwaka huu Krismasi ni Jumapili, na wazee wa kanisa wanapendekeza tufanye ibada moja tu, Jumamosi jioni, halafu Jumapili yenyewe tusikutane. Kila mtu akae na watu wake.

Nilidhani nimesikia vibaya. Pembeni yangu alikaa Mama Eliza. Huyu ni mjane anayeuza uji na maandazi karibu na duka ninalofanyia kazi. Akasema kwa sauti iliyofika mbele, "Jumapili tufunge? Siku ya Bwana, na ya kuzaliwa kwake juu yake?"

Ubishi ukaanza hapo. Ambakisye, mwalimu wa kwaya, akasema kwaya yake nzima inasafiri, kwa hiyo tutaviimbia viti. Watu wakacheka. Kisha akasimama dada mmoja mwenye watoto wanne, mume wake ni dereva wa malori yanayokwenda Zambia. Hakuwa na hasira. Akasema, "Mume wangu mwaka mzima yuko barabarani. Siku hiyo moja atakuwa nyumbani. Nikimwamsha asubuhi avae suti aje akae hapa mpaka saa saba, watoto wake watamwona saa ngapi? Naomba mniachie siku hiyo."

Baba, nilimwona ana haki kabisa. Nilikuwa tayari kunyoosha mkono kwa ajili yake. Lakini Mama Eliza akainuka. "Na asiye na mume wala mtoto hapa mjini? Mimi siku hiyo nikifunga mlango wangu, nitakaa na nani? Na sufuria?"

Naye nikamwona ana haki. Mchungaji alipoomba mikono, wa kufunga walikuwa wengi. Mikono yangu mimi ilibaki mapajani, huku na huku. Sikujua.

Unanijua nikishikwa na jambo. Wiki ile nilimuuliza kila mtu. Kazini nilimuuliza Mama Hansa, mwenye duka letu la vitambaa pale Mchafukoge. Yeye ni Mhindu, na hupenda sana kuuliza habari za dini za watu. Alikuwa anapima jora la pazia. Akasimamisha mkasi, akaniangalia juu ya miwani. "Sisi Diwali ikija siku yoyote, duka nafunga, nyumba nafungua. Nyinyi siku hiyo mnafungua nini?"

Nikamwambia nyumba zetu.

"Haya, nzuri," akasema. "Na mgeni ambaye hana nyumba, anakwenda wapi?"

Kisha akaendelea kukata.

Jioni nikamuuliza mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi. Nilikwambia habari zake zamani, ni mama wa Kiislamu, watu wake ni wenyeji wa pwani hii. Alikuwa uani anachagua mchele. Aliponielewa akashangaa. "Kumbe na nyinyi yanawakuta? Sisi Idi ikiangukia Ijumaa huwa ni maneno matupu mtaa mzima."

"Mnafanyaje?"

"Mimi si shehe, nakueleza alivyokuwa akisema marehemu baba yangu. Asubuhi watu wote wanaswali Idi, wa mjini na wa mashamba. Ikifika mchana, Ijumaa nayo ipo. Sasa yule aliyetoka mashamba, mbali, ana ruhusa ya kurudi kwao akale sikukuu na wanawe. Halazimishwi kungoja. Wa mjini aliye karibu anaswali zote mbili. Wengine wana maoni mengine, lakini sisi hapa ndivyo tulivyokuzwa."

"Na imamu?"

"Imamu aende wapi? Msikiti unafunguliwa. Hata wakija watu wachache."

Baba, nililala na maneno hayo. Sisi tulikuwa tunagombana wafunge wote au wafungue wote, kumbe palikuwa na njia ya kuuliza nani yuko mbali na nani yuko karibu. Nikajiuliza, mimi niko wapi? Tiketi ya kuja kwenu nilikuwa nimeshakata. Kwa hesabu ya Bi Mwanaidi nilikuwa mtu wa mashamba, nina ruhusa yangu. Lakini Mama Eliza ni wa mjini, na mlango wake umefungwa na sisi tulio na pa kwenda.

Nikaenda kumwona Mchungaji. Nilifikiri nitamkuta anatetea uamuzi wa wazee. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akazungusha kikombe.

"Nikwambie ukweli, Atupele," akasema. "Pendekezo lile nililileta mimi. Mama yangu anaumwa, yuko Iringa. Tangu nimevaa joho hili sijawahi kula naye Krismasi. Kila mwaka nampigia simu nikitoka madhabahuni, naye ananiuliza, umekula? Niliona mwaka huu watu wengi hawapo, nikasema labda Mungu amenifungulia mlango mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kumbishia, nikaacha. Nikamwambia, "Basi nenda, Mchungaji. Wewe ndiye wa mashamba."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na ukumbi nani atafungua?"

Akasema tena, taratibu, "Wazee wameamua hakuna ibada. Hakuna aliyeamua kwamba watu wasikutane wakaimba na kuomba. Ufunguo naweza kukuachia. Lakini siwezi kumwambia mtu abaki."

Nilichukua ufunguo. Siku ya pili nikarudisha tiketi stendi, nikabadilisha niondoke kati ya Krismasi na mwaka mpya. Ndiyo ile simu ya kwanza, niliyomwambia Mama kwamba nitakuja mwaka mpya, naye akasema ataniwekea mbalaga, zile ndizi zake za kupika, na maziwa mgando. Aliongea vizuri siku ile. Ndiyo maana simu ya pili ilimuuma.

Jumamosi jioni ibada ilifanyika, na Mchungaji akapanda basi la usiku kwenda Iringa. Sasa nikueleze siku yenyewe.

Asubuhi ya Krismasi Kariakoo ilikuwa kimya namna ambayo sijawahi kuiona. Maduka yamefungwa, maboksi matupu yamezagaa, paka wanatembea katikati ya barabara. Nilipofika getini mlinzi alinishangaa.

"Si mlisema hampo?"

"Tupo wachache."

Akakuna kichwa. "Mtapata tabu huko juu. Mwenye jengo alipoambiwa leo hakuna ibada, akamruhusu tajiri mmoja wa mitumba aweke mzigo wake jana usiku, mlipotoka. Wanakuja kuutoa leo."

Nilipanda na Mama Eliza. Kufungua mlango, ukumbi umejaa marobota ya mitumba. Yamepangwa mpaka usawa wa madirisha, yamefunika viti, yamefika hadi kwenye meza ya mbele. Palibaki uchochoro wa kupita mtu mmoja, na harufu ile ya nguo zilizokaa kwenye plastiki. Baba, machozi yalinilenga. Nilifikiria basi langu lililoondoka bila mimi. Nilifikiria mko mezani saa ile, wewe unaomba ile sala yako ndefu na Ipyana anafungua jicho moja kutazama nyama.

Mama Eliza aliangalia marobota, akaangalia uso wangu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, si Ambakisye alisema tutaviimbia viti? Haya, havionekani hata kuonekana!" Akavua viatu, akapanda juu ya robota la karibu, akakaa, akajitengeneza kanga. "Panda. Ni laini kuliko benchi."

Wakaja nesi mmoja aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, bado na sare yake, na kijana wa chuo ambaye kwao ni Kigoma na likizo ni fupi. Basi. Yule dada mwenye mume dereva hakuja, wala sikumtegemea. Tulikaa juu ya marobota kama kuku. Mama Eliza akaomba. Mimi nikasoma habari ya kuzaliwa, maana macho yake hayashiki tena herufi ndogo. Tukaanzisha wimbo bila kinanda. Nesi aliuanza juu mno, tukaukimbiza ukatushinda, tukaushusha katikati ya ubeti tukicheka.

Hapo ndipo walipotokea mlangoni wanaume watatu, wabeba mizigo, mmoja ana kamba begani. Walikuwa wamekuja kuchukua marobota. Tukanyamaza. Yule wa mbele, mtu mzima mwenye mvi kidogo, akavua kofia.

"Samahanini. Endeleeni tu, tutangoja."

"Mngoje mmesimama?" akasema Mama Eliza. "Kaeni. Mzigo wenu huu huu."

Wakaangaliana, wakakaa kwenye uchochoro, migongo kwenye marobota. Tukaanza tena wimbo, ule unaoupenda wewe, unaoimbwa mwishoni watu wakiwa wamesimama. Baba, ubeti wa kwanza haukuisha ikaingia besi. Nzito, imetulia, imekaa mahali pake chini ya sauti zetu kana kwamba ilikuwepo siku zote. Nilishtuka nikageuka. Ni yule mtu mwenye kofia, amefumba macho, anaimba beti zote bila kitabu.

Tulipomaliza kuomba, Mama Eliza alifungua ndoo yake ya maandazi na chupa ya chai, tukala wote. Nikamuuliza yule baba jina lake. Lameck, akasema, kwao Mpwapwa. Zamani aliimba kwaya ya kwao. Hapa mjini anavuta mkokoteni, na Jumapili nyingi hupita chini ya jengo letu hili hili.

"Na hujawahi kupanda?"

"Kupanda vipi? Nawaona mnavyoshuka. Suti, magauni, watoto wamepakwa mafuta. Mimi Jumapili niko na jasho langu." Akang'ata andazi, akafikiri. "Leo sikuja kusali, nisikudanganye. Nimekuja kazini. Nikakuta watu wamekalia kazi yenyewe."

Wakaanza kubeba. Mmoja baada ya mwingine marobota yalishuka, viti vikaanza kuonekana. Lameck alikuwa ameshashika ngazi, robota mgongoni, aliposimama akauliza bila kugeuka, maana kwa mzigo ule hawezi kugeuka:

"Jumapili ijayo mpo?"

Ndipo nikakumbuka kwamba Jumapili ijayo ni mwaka mpya, na wote waliosafiri watakuwa bado kwao, na mimi mwenyewe nitakuwa kwenu nakula mbalaga.

"Tupo," akajibu Mama Eliza.

Wiki ile nikaahirisha safari tena, na ndiyo ile simu ya pili. Baba, sitakudanganya kwamba wasingeweza bila mimi. Yule kijana wa chuo anasoma vizuri tu, angesoma yeye. Nilibaki kwa sababu nilitaka kuona. Nilitaka kujua kama mtu yule atapanda zile ngazi siku ambayo hana mzigo wa kuchukua. Swali hilo lilinishika kuliko njaa ya kufika nyumbani, na najua kwa Mama halisikiki vizuri. Kwake ilikuwa kama nimewapima na watu wa barabarani, nikawachagua wao. Naomba umweleze kwamba haikuwa hivyo. Mimi mwenyewe nililia baada ya kukata simu.

Asubuhi ya mwaka mpya nilifika mapema, bado sijui. Nikamkuta Lameck amekaa kwenye ngazi na mwenzake mmoja. Wa tatu hakuja. Amevaa shati lililofuliwa, mikunjo ya kukunjwa bado inaonekana kifuani. Akaniambia tu, "Mmechelewa kufungua."

Wiki iliyofuata watu wakaanza kurudi kutoka mikoani. Nikakutana na yule dada mwenye watoto wanne, nikamuuliza Krismasi yake. Akasema mume wake alilala mpaka mchana sebuleni, na watoto wakalala juu yake, na yeye akakaa anawatazama tu. Akasema ni siku nzuri kuliko zote za mwaka. Nilimwamini.

Mchungaji alichelewa. Alirudi Jumapili ya tatu ya mwezi huu, amenyoa kichwa. Mama yake amefariki, Baba. Alimkuta bado anamtambua. Walikula pamoja Krismasi, kwa mkono mmoja anamshikia kijiko, na siku chache baada ya mwaka mpya mama akaaga dunia. Alisimama mbele yetu akatueleza hayo. Akasema, "Kama siku ile ningekuwa hapa, ningemkuta kwenye jeneza." Akaongeza, "Nasikia na hapa palifunguliwa. Asanteni kwa yote mawili." Hakusema nani alikosea.

Ambakisye yeye hakufurahi. Alinifuata nje akasema, "Kama mtu anaweza kufungua tu, basi tulipiga kura ya nini?" Na yeye nikamwona ana haki, Baba. Ni swali la kweli. Kura ilikuwa halali, nami niliipita pembeni. Lakini Alhamisi nilipopita kwenye mazoezi ya kwaya nilimwona huyo huyo Ambakisye amemweka Lameck mstari wa nyuma, anamrudisha kwenye ubeti mmoja tena na tena kwa sababu amefurahi kuusikia, si kwa sababu Lameck amekosea. Ninyi mnaojua kwaya mnajua besi zilivyo haba.

Kwa hiyo nakurudia na swali. Mwaka wowote Krismasi ilipokuwa Jumapili, nyie mlifanyaje? Kuna mtu yeyote aliyewahi kuomba abaki nyumbani? Na kama aliomba, mlimjibu nini? Niandikie hata mistari michache, Ipyana akusaidie kalamu kama mkono unatetemeka. Nataka kujua unavyoona wewe, hata kama utaniambia nilikosea.

Wasalimie watu wa nyumbani. Msalimie Ipyana, mtu mzima sasa, mwambie asimchoshe yule ng'ombe. Msalimie Shangazi aliyenifundisha kushona, mwambie Mama Hansa anausifu mkono wake bila kumjua. Msalimie mwinjilisti wetu na mama kiongozi wa akina mama kanisani. Bi Mwanaidi naye anawasalimu, anasema na yeye anasubiri jibu lako, amekwisha kumsimulia ndugu yake anayefundisha madrasa na sasa wanabishana wawili.

Na Mama umwambie hivi: Pasaka nakuja. Nimeshaomba ruhusa kazini, na Mama Eliza amesema zamu hiyo ni yake na Lameck. Hata asiponiwekea chochote nitakuja. Pasaka kila mwaka ni Jumapili, na hakuna mtu aliyewahi kupiga kura.

Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kunilea nikawa mtu wa kuuliza.

Binti yako anayewapenda,
Atupele